Dawa Iliyoisha Muda

Foleni ya duka la dawa ilikuwa imefika mlangoni, na kila aliyekuwamo ama alikohoa, ama alimnung'unikia anayekohoa. Dirishani akafika kijana wa shati la kijani.

"Naomba chupa tupu ya kahawia. Ya kioo, yenye kifuniko kinachobana."

Mfamasia alimtazama. "Ya kuwekea nini?"

"Dawa ya kusafishia filamu, ili picha zitokee. Zile za picha nyeusi na nyeupe. Imeisha muda siku nyingi, na sasa chupa yake imepata ufa."

"Imeisha muda, na bado unaitunza?"

"Haijafa, Dokta. Imezeeka tu."

Foleni ikacheka. Mfamasia hakucheka. Binti huyu, na koti lake jeupe lililopigwa pasi mpaka kola, alizaliwa na shaka. Alikuwa mtu wa kunusa maziwa yaliyokamuliwa mbele ya macho yake. Chupa akampa, na namba yake ya simu pia ikatoka, nayo ilitokaje mwenyewe hajui mpaka leo.

Mapenzi yakakolea. Kijana yule mpiga picha alikuwa na chumba kidogo nyuma ya saluni ya shemeji yake, mke wa kaka yake. Huko ndiko mfamasia alikopeleka kamera ya marehemu baba yake. Mzee aliinunua alipostaafu, akafa filamu ikiwa bado ndani.

"Mama hataki isafishwe," alimwambia. "Anasema baba alikuwa akimwona anaingia, anaificha chini ya kiti. Anaamini kulikuwa na mwanamke. Mimi nataka kujua, hata kama ni kweli."

Mpiga picha akaiweka kamera rafuni kwa mikono miwili. "Nipe muda, mpenzi. Nina chupa hii moja tu, na bado siiamini."

Wiki zikapita. Kila binti alipopiga simu, jibu lilikuwa lile lile.

"Fundi, vipi ile filamu?"

"Bado, roho yangu. Subiri kidogo."

"Mbona unanong'ona? Uko na nani?"

"Niko gizani."

"Gizani mchana huu?"

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo, Dokta!" Halafu simu ikakatika, na binti akabaki anaitazama kama imemtukana.

Siku moja, saa ya chakula cha mchana, alivaa gauni lake la bluu akaenda bila kutoa taarifa. Mpiga picha alikuwa ametoka. Kwenye kamba ndani ya kile chumba zilining'inia filamu mbichi, bado zinadondosha maji. Akainua moja kwenye mwanga wa dirisha. Mwanamke ameketi kitini. Akainua ya pili: mwanamke yule yule, kiti kile kile. Ya tatu, yule yule. Kwenye filamu, nyeupe huwa nyeusi na nyeusi huwa nyeupe, kwa hiyo sura hakuitambua. Lakini kicheko, hata chenye meno meusi, ni kicheko.

Kumbe dawa ipo! Ya baba yake ndiyo haina nafasi. Wivu ukampanda. Alichukua kamera ya baba yake, akaondoka bila kufunga mlango.

Simu ililia jioni yote, asipokee. Kesho yake, kwenye foleni ya duka la dawa, alisimama mpiga picha, na mbele yake shemeji mtu, vidole vyeusi kwa rangi ya nywele.

"Wewe ndiye uliyeninunia?" shemeji akauliza, na foleni nzima ikatega sikio. "Mgongo wangu umekufa kwa kukaa kwenye kile kiti! 'Shemeji cheka, shemeji usitikisike.' Mchukue mtu wako, mwenzangu, nimechoka!"

Mfamasia akamgeukia mpiga picha.

"Nilikuwa naijaribu dawa," mpiga picha akasema taratibu. "Mtu mmoja, kiti kimoja, mwanga mmoja, ili kinachobadilika kiwe dawa peke yake. Mara ya kwanza alitoka hafifu, nikaongeza muda. Filamu ya mzee haina mara ya pili. Nikikosea, basi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeimwaga. Wewe dawa ikipita siku moja unaimwaga."

Hilo hakuweza kulikana. "Nionyeshe," akasema.

Walipofika kwenye kile chumba, mpiga picha alikata ncha ya filamu mpya, akaitumbukiza kwenye kikombe cha ile dawa, yenye rangi ya chai ya rangi. Dawa ingekuwa imekufa, kipande kingebaki vile vile. Binti aliinama asipepese macho. Kikaanza kuwa kijivu, kikaendelea polepole, kikawa cheusi tititi. Jioni ile binti alimrudishia kamera, na aibu ikamchoma kweli kweli.

Siku ya kusafisha, mama naye alikuja. Alikaa saluni, mkoba mapajani, midomo imebana. "Nimekuja kumwona huyo mwanamke," alisema.

Picha zilitoka na ukungu, nyingine hazikutoka kabisa. Mpiga picha akazichapa, akazileta kwenye trei zikiwa bado na maji. Mwanamke anaanika nguo, kapigwa picha kwa nyuma. Mwanamke dirishani. Mwanamke kasinzia, miwani imemteleza puani.

Mama alizitazama zote, akarudia ya kwanza.

"Ni mimi," akasema, na sauti ikamkatika. "Nilimkataza kunipiga picha. Nilimwambia nimezeeka."

Alipokwisha kulia, alijifuta macho, akafungua mkoba, akatengeneza kitambaa chake kichwani. "Nipige sasa. Safari hii nitaitazama kamera."

"Mama, dawa imekwisha. Nilitumia yote." Mpiga picha akakohoa kidogo. "Lakini nitatafuta nyingine kabla ya harusi."

"Harusi ya nani?" mfamasia akaruka, macho yamemtoka.

"Yako, Dokta. Na mimi, ukikubali."

Binti akaanza kumchunguza usoni kama anayesoma tarehe kwenye kopo. Mama akamshika mkono.

"Mjibu, mwanangu," akasema. "Mimi nimechelewa kumjibu wangu."