Kwa Niaba ya Bwana Wangu

"Ukifika mbele ya mchungaji, kataa. Neno moja tu, Ottilie."

"Nikikataa watamchukua Sidonie. Ana miaka kumi na minne, Aksel. Mdogo wangu bado analala na mwanasesere."

Walikuwa katika chumba cha nyuma cha kanisa la kasri, Ottilie shela tayari kichwani. Nje baba yake, mtawala wa Hallenburg, kijinchi cha Kijerumani ambacho ukipiga chafya umeshavuka mpaka, alikuwa anakohoa kuwaharakisha. Mfalme wa kaskazini, mzee aliyefiwa na wake wawili, ndiye aliyeposa. Kwa desturi yao hakuja mwenyewe. Alimtuma Aksel asimame badala yake, aape kwa niaba yake, kisha ampelekee mke. Wiki sita Aksel alikuwa akimfundisha Ottilie lugha ya huko, na wewe unajua mambo ya watu wawili kuinamia kitabu kimoja.

"Nikuvishe pete mimi, halafu nikukabidhi kwa mzee yule?"

"Ndiyo."

"Hunipendi, basi."

"Nakupenda mpaka naumwa. Haya, twende."

Mbele ya madhabahu mchungaji akauliza, "Aksel, kwa niaba ya mfalme bwana wako, unamtwaa Ottilie?"

Aksel akamgeukia bibi harusi.

"Mimi Aksel, namtwaa awe mke wangu."

Yale maneno ya niaba hayakutajwa, na mchungaji alijua fika anakaribia kufunga ndoa ya nani. Mtawala hakumtazama Ottilie hata kidogo. Alimtazama Sidonie, pale benchi la mbele, kama mtu anayepima nguo itamtosha nani.

Ottilie aliyaona macho yale. Jamani, angeitikia tu, angekuwa mke wa Aksel kabla baba hajafungua kinywa. Alitamani kuitikia kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote.

"Mjumbe amesahau maneno yake," alisema kwa sauti kavu. "Rudia, bwana. Taja ni kwa niaba ya nani."

"Ottilie, tafadhali."

"Rudia."

Akarudia, neno kwa neno, machozi yakimdondokea kwenye kola. Pete ikaingia kidoleni.

Mlangoni Sidonie alimshika dada yake mkono.

"Dada, mbona yule bwana analia?"

"Amechoka na safari."

"Lakini safari hata haijaanza."

Ottilie akamkaza mtandio shingoni, akambusu, akapanda gari la farasi. Aksel akakaa mbele yake, maana kazi yake ilikuwa kumfikisha kwa mumewe. Siku kumi na moja njiani, magoti yao yakigusana.

Kijiji cha kwanza kilipita, na cha pili.

"Kuna neno hukunifundisha," Ottilie alisema mwishowe. "Kwenu mke anamwitaje mumewe?"

Aksel akamwambia.

Ottilie akalitamka mara moja tu, akimtazama yeye machoni. Halafu akageukia dirishani, akalia kwa sauti.