Giaboksi Kutoka Kinyangiri

Oili ilitoka ya moto. Mughwai alirudisha mkono haraka, akaupangusa kwenye ovaroli, akaikodolea macho giaboksi iliyokuwa juu ya meza ya kazi. Ilikuwa imelala zaidi ya miaka thelathini kwenye ghala la mtama huko Kinyangiri, chini ya magunia. Chuma kilicholala muda wote huo hakitoi oili ya moto, hata mwanafunzi wa gereji anajua.

"Ni jua tu, shemeji," Kefa alisema akiwa mlangoni. "Imekuja nyuma ya pikapu."

Kefa alikuwa kaka wa mke wake, na mwenzake wa gereji pale Utemini kwa miaka kumi na miwili. Ndiye aliyeileta. Alisema kuna mtu Arusha anafufua gari la zamani la mashindano, anataka giaboksi yake ya asili, na Singida nzima hakuna mikono ya kazi hiyo isipokuwa ya Mughwai. Mughwai alipenda kusifiwa. Nani hapendi?

Kwanza ilibidi aitambue. Namba ya kwenye ganda ilikuwa imesagwa kwa tupa, kwa hiyo alihesabu meno ya kila gia na kuyaandika kwenye kipande cha boksi. Meno yalikuwa yamenyooka, hayakulazwa kama ya magari ya kutembelea. Vile vipete vya shaba vya kulainisha kubadili gia havikuwemo kabisa. Na gia ya kwanza iliingia kwa kuvuta kushoto na kurudisha nyuma, ili ya pili na ya tatu zikae kwenye mstari mmoja kwa dereva mwenye haraka.

"Ya mashindano kweli hii," alisema peke yake, na moyo wake ukafurahi sana.

Siku ya pili, saa saba mchana, alinawa kwa sabuni akaenda kula. Aliacha shafti mezani na beringi kwenye beseni la dizeli. Aliporudi, upepo ulikuwa unapiga mabati, na ndani kulikuwa na harufu ya udi iliyochanganyika na nywele zilizoungua. Shafti zote zilikuwa zimeshapangwa ndani ya ganda, kila gia mahali pake.

"Kefa, ni wewe umenipangia?"

"Sijaingia humo," Kefa alijibu kutoka nje, kwa sauti ndogo.

Ilikuwa kweli. Tangu giaboksi ifike, Kefa hakuwa amevuka kizingiti. Mughwai alitazama mikono yake aliyoinawa muda si mrefu. Ilikuwa imejaa oili nyeusi mpaka kwenye viwiko.

Siku ya tatu ulibaki mfuniko, ambao Kefa aliufungua mwenyewe kwenye pikapu siku alipoileta, akaenda kuusafisha kwake. Mchana aliuleta, akaunyoosha kutoka mlangoni, umefudikizwa, umeshapakwa silikoni ya kuzibia.

"Funga tu, shemeji. Leo usiandike."

Hapo ndipo Kefa alipokosea. Katika gereji yao, fundi anayefunga giaboksi huchora jina lake kwa msumari ndani ya mfuniko, ili kazi ikirudi na hitilafu asisingiziwe mwingine. Mughwai hakuwahi kufunga bila kuandika. Kumwambia asiandike ni sawa na kumwambia akatae kazi yake. Akaugeuza mfuniko.

Kulikuwa na majina saba, kila moja kwa mwandiko wake. La sita, KEFA WA JENIPHER, lilikuwa limefutwa kwa mikwaruzo. Chini yake, kwa mikwaruzo mipya inayong'aa, na kwa mwandiko wa Kefa, alioujua vizuri kuliko wake, palikuwa pameandikwa MUGHWAI WA RAHEL.

Alipoinua kichwa, pikipiki ya Kefa ilikuwa imeshakata kona.

Ustadhi Miraji, mtu wa dua aliyeaminiwa na Wakristo na Waislamu pale mtaani, alipigiwa simu na Mughwai akasimuliwa yote, akafika alasiri. Hakuingia. Alisoma dua akiwa mlangoni, kabla hata ya salamu, na mle ndani shafti ikaanza kuzunguka polepole bila kuguswa.

"Shikamoo, ustadhi," Mughwai alisema, akimwonyesha mfuniko.

"Marahaba. Wa kwanza kuifunga hii alifuga jini humo ili ashinde mbio. Kila ikifunguliwa linataka fundi mmoja, yule ambaye jina lake ni la mwisho mfuniko ukifungwa. Huyo Kefa aliwahi kufanya kazi Arusha?"

"Ujanani, kwa watu wa magari ya mashindano."

"Basi alijiandika bila kujua. Limemsubiri, limeanza kumdai, naye amekutoa wewe."

"Nisipoifunga?"

"Jua la siku hii ya tatu likizama iko wazi, litaingia nyumbani kwako lichague lenyewe. Huanza na mdogo."

Mughwai alimfikiria Peniel, binti yake wa miaka tisa, akashika msumari. "Basi nijifute."

"Kefa alijifuta kwa kuwa alijiandika mwenyewe. Aliyetolewa na mwingine hajifuti. Hufuta aliyemtoa, na akifuta lazima aandike jina lingine." Ustadhi akashusha sauti. "Rahel ni nani?"

"Mama yangu mzazi."

"Majini humwita mtu kwa mama yake. Kefa alilijuaje jina hilo?"

Utemini yote ilimjua Mughwai kama mtoto wa Selina, shangazi aliyemlea Ikungi. Rahel alifariki siku alipomzaa, na jina lake Mughwai alikuwa amelitaja kwa mtu mmoja tu, huku akilia, siku Peniel alipozaliwa.

Alimkuta mke wake, Loyce, uani nyumbani anapeta uwele.

"Mama Peniel, ulimpa Kefa jina la mama yangu?"

Ungo ukasimama. "Alilia, Baba Peniel. Alikuwa hali, halali. Ni ndugu yangu wa tumbo moja."

"Na mimi ni nani kwako?"

Loyce aliweka ungo chini. Mughwai aliumia kuliko alivyowahi kuumia, maana hofu ya jini ilikuwa tumboni tu, lakini hili lilimkata kila mahali. Hata hivyo akamwambia kila kitu, naye Loyce akamfuata gereji akilia njia nzima. Mughwai akampa msumari.

"Umenitoa wewe, unaweza kunifuta wewe. Mrudishe Kefa, jina la mama yenu unalijua. Andika."

Akampa mgongo. Alisikia msumari ukikwaruza kwa muda mrefu, kwa nguvu, na kwa kila mkwaruzo alimsamehe kidogo. Alipokabidhiwa mfuniko umefudikizwa hakuugeuza, kwa kuwa kuugeuza kungekuwa kumwambia mkewe kwamba hakuna kilichobaki kati yao.

Jua lilikuwa linagusa mawe ya mlimani alipoanza kukaza bolti, na kila bolti iliyokaa ilileta harufu ile ya udi na nywele karibu zaidi, mpaka kwenye bolti ya tano akahisi pumzi ya moto shingoni, kwenye ya sita akasikia injini isiyokuwepo ikiunguruma chini ya sakafu, kwenye ya saba mikono yake ikawa inakaza bila yeye kuiamuru, na ya nane ilipofika mwisho gia ya kwanza ikaingia yenyewe kwa kishindo kilichotikisa meza, kisha kutoka ndani ya chuma ikatoka sauti ya upole, ya mtu aliyesubiri kwa muda mrefu na hana haraka tena.

"Hakufuta. Amepita juu ya herufi zilezile, akazichimba zaidi. Karibu, Mughwai wa Rahel."

Mughwai aligeuka. Loyce alikuwa amesimama nje ya kizingiti, machozi yakimtiririka.

"Nisamehe," alisema.

Akauvuta mlango taratibu, akatia kufuli.