Wimbo wa Dakika Ishirini na Sita

Jumapili hiyo vidole vya Flaviana vilihesabu sawasawa, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni ya sebule, ungo mapajani, akichagua mchele. Nje ilikuwa saa nane, jua la kupasua kichwa, lakini ndani mapazia yalikuwa yamefungwa yote, kwa sababu mumewe Valerian hakuwa mtu wa kutazama tamasha lake kwenye mwanga kama watu wanaotazama mpira. Kwenye runinga wazungu watano wazee, nywele mabegani, walikuwa wamefika dakika ya kumi na nne ya wimbo wa dakika ishirini na sita. Mkono wa kushoto wa Flaviana ukawa unagonga ukingo wa ungo: mbili, mbili, tatu. Mbili, mbili, tatu. Saba kamili, bila kuteleza hata mara moja, na macho yake yakiwa kwenye mchele.

Valerian alikuwa mtu wa dharau, na tuseme ukweli, dharau ilimkaa vizuri kuliko suti zake. Alikwenda Norwei miaka miwili kusomea mambo ya maji, akarudi na shahada, koti asilolivaa, na mapenzi ya ile roki ndefu wanayoiita progresivu. Akajenga Mbezi Beach, ile ya juu, ambako bahari huioni hata ukipanda juu ya tangi, na kutoka huko akawadharau wapenzi wa singeli, wa taarabu na wa kwaya kwa usawa kabisa, bila ubaguzi. "Nyie mnasikiliza kwa kiuno," aliwaambia wageni. "Mie nasikiliza kwa kichwa." Mgeni akishakaa hachomoki. Kila baada ya muda mfupi Valerian alibonyeza rimoti, akasimamisha picha, akaeleza. Jirani yao Brightson, mwalimu wa kwaya miaka kumi, alielezwa siku moja mpaka akalala na soda mkononi.

Mkewe hakuruhusiwa kusema neno muziki ukipigwa. Chakula kikiiva aligonga mlango wa sebule mara tatu harakaharaka, ko-ko-ko, akarudi jikoni, alikokaa Jumapili zote kabla ya hiyo.

Sasa turudi nyuma kidogo. Miaka tisa kabla, siku ya kupeleka posa Mbagala, mama mkwe Margareta alimvuta Valerian pembeni. Alimwambia kwamba Flaviana alipokuwa na miaka kumi na moja alipandisha jini, wakalilaza kwa ngoma ya siku saba. "Kila jini lina mdundo wake, baba. Wa hili ni huu, asipigiwe tena. Na ukipigwa kwa bahati mbaya, usikatwe katikati. Mdundo ni wito. Mgeni ukimwita, unamuuliza anataka nini, unamuaga. Ukikata kabla hujamuaga, anabaki mlangoni kwako." Akaugonga mdundo wenyewe juu ya meza kwa kifundo cha kidole, mara tatu nzima, ili mkwewe aujue.

Valerian akajibu "sawa mama" huku akitazama simu yake. Tangu hapo kisa hicho kikawa cha kuchekeshea rafiki zake. Sikio lililosafiri mpaka Norwei kujifunza kuhesabu saba halikuona haja ya kuhesabu meza ya Mbagala.

Kwa hiyo alipoona vidole vya mkewe kwenye ungo, jamaa alifurahi. "Flaviana! Umeielewa!" akasema, na kwa furaha hiyo akabonyeza rimoti ili amweleze. Picha ikasimama, mpiga drami kaganda na fimbo hewani. Sebule ikawa kimya. Vidole havikusimama.

Harufu ya marashi ya waridi ikaingia, katika nyumba ambayo hakuna aliyewahi kununua marashi hayo.

"Usisimamishe," alisema Flaviana, taratibu, bila kuinua kichwa, kwa sauti nzito kidogo kuliko yake.

Mume mwenye akili angeogopa. Huyu alidhani ni mapenzi ya sanaa. Akaeleza robo saa nzima, akaenda kuoga, na wimbo haukuendelea.

Jumatatu asubuhi Flaviana alikunywa chai akiwa amekaa kwenye kiti kikubwa cha mumewe, ambacho kwa miaka tisa alikuwa akikifuta vumbi tu. Jumanne nguo zote kabatini zilinuka udi. Jumatano Valerian alikuwa sebuleni anasoma, mkewe amekaa mbele yake mikono mapajani, akasikia jikoni ndoo ya plastiki inapigwa, mbili, mbili, tatu, pole pole kama mtu anayejaribu, na alipoinuka kwenda kuangalia mdundo ukahamia bafuni, alipofika bafuni ukahamia juu ya dari, na aliporudi mbio sebuleni ukawa umemfuata nyuma ya masikio mpaka mlangoni, ukanyamaza, na mkewe, ambaye hakuwa amejisogeza hata kidole, alikuwa anamtazama na kutabasamu kama mtu mzima anayemtazama mtoto akitafuta kitu alichokishika.

"Flaviana," aliita, na sauti yake mwenyewe ikamtia aibu.

"Hayupo. Amekaa nyuma."

Hapo ndipo mdundo wa meza ya Mbagala ulipomrudia kichwani, wote, kifundo kwa kifundo. Alitoka nje akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Margareta hakungoja aelezwe. "Umempigia."

"Ni muziki tu mama, wa wazungu, nilikuwa sijui kama…"

"Niligonga mezani mara tatu, baba. Ukakata katikati?"

"Njoo mama," alisema Valerian. Alikuwa anaogopa, na kwa mara ya kwanza katika ndoa ile alikuwa anamtaka mkewe, si mtu wa kumsikiliza.

Jumamosi mchana Margareta akaja, rozari shingoni, kwenye mfuko kitambaa cheupe, chetezo na chupa ya marashi. Alimkalisha bintiye mkekani, akamfunika kitambaa, kisha akamnong'oneza mkwewe. "Utaurudia wimbo uleule toka mwanzo hadi mwisho. Likija nitaliuliza, litasema, nitaliaga. Likiagwa na ngoma ikaisha yenyewe, mwanangu anarudi. Ukikatika mara ya pili, mwili ni wa jini. Mimi sina dawa nyingine. Umeme je?"

"Kwangu umeme haukatiki, mama. Nina betri." Hata siku hiyo hakuacha kujisifu.

"Basi kazi yako ni kunyamaza."

Wimbo ukaanza. Dakika kumi za kwanza hakukuwa na kitu ila moshi wa udi na kinanda. Kisha saba zikaingia, na kitambaa kikaanza kutikisika, mabega yakafuata, na ilipofika dakika ya kumi na nne Flaviana akanguruma kwa sauti iliyotoka chini sana, vioo vya kabati vikalia, picha ya harusi ikageuka ukutani yenyewe, na Margareta akiwa amepiga magoti akaendelea kusema karibu mgeni, karibu, u nani, unataka nini, mpaka sauti ile ikamnong'oneza jina lake sikioni, ikataka marashi, ikanyunyiziwa, ikataka kusalimiwa kwa heshima, ikasalimiwa, ikakubali kwamba ngoma ikiisha itaondoka.

Zilibaki dakika tatu. Valerian, jasho mpaka kwenye soksi, alikuwa ameishika rimoti kwa mazoea tu.

Kichwa chini ya kitambaa kikamgeukia.

"Huyu ndiye mwenye ngoma?" jini likauliza, kwa dharau aliyoitambua mara moja, maana ilikuwa yake. "Mpigaji wako hajui kitu. Anapiga kama anafukuza kuku. Sikia, hapo amekosea. Kadondosha pigo moja, hata hajui."

Valerian alifumba macho. Pale hakukosea! Pale ndipo penye ufundi wote: mpigaji analificha pigo moja, halafu baada ya mizunguko minne analirudisha. Alikuwa ameshaeleza jambo hilo ofisini, msibani, hata kwa padri. Alimfikiria mkewe, kweli alimfikiria. Akang'ata ulimi.

"Kilaza kama mwenye nyumba," jini likamalizia.

Kidole gumba kikabonyeza.

"Samahani," alisema Valerian katika ukimya ule, "hapo hajakosea. Ngoja nikueleze."

Margareta hakupiga kelele. Aliifumba mikono juu ya rozari akasema, "Mwanangu," mara moja tu, na kitambaa kikaanguka chenyewe.

Flaviana alisimama. Akanyoosha gauni, akaichukua rimoti kutoka mkononi mwa mumewe, akakaa kwenye kiti kikubwa na kukunja nne. "Kaa chini, Valerian," lilisema jini. "Nitaeleza mimi."

Mpaka leo Jumapili saa nane mapazia hufungwa. Brightson akipita humwambia Valerian kwamba amebahatika kupata mke anayeupenda muziki wake. Valerian huwa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachagua mchele, na haruhusiwi kusema neno. Kila baada ya muda mfupi picha inasimamishwa, na ile sauti nzito inamweleza pole pole alivyo mjinga.

Na katika ukimya wa hapo, mara mojamoja, mkono wa kushoto wa mkewe unagonga mbao ya kiti. Si saba. Ni mara tatu, harakaharaka, ko-ko-ko, kama mtu aliye nyuma ya mlango. Kisha mkono wa kulia unakuja juu yake na kuukandamiza mpaka utulie, na wimbo unaendelea.