Mpaka Ijae

Rafiki yetu Elysée, kinyozi Mkongo wa hapa Durban, alikwenda kutembea kwa miguu kwenye milima ya Drakensberg, eti apunguze kitambi. Kitambi kikabaki, miguu ndiyo ikaisha. Ukungu ulipoanza kushuka, aliikuta kituoni teksi ya mwisho, ya watu kumi na watano, ikiwa tupu.

"Twende, papa, nisije nikalala na nyani!"

"Eish, hatuondoki mpaka ijae," dereva akajibu.

Elysée akajikunyata nyuma kabisa. Mlango ukajiburuza, krrr, ukafunguka. Hakuna aliyeingia. Kiti cha mbele kikalia kwii, kikafuata kingine, na kingine.

Dereva akatazama kioo, akawasha gari.

"Sharp, imejaa. Sogea kidogo, kaka, huyo mama akae."

Elysée akasogea. Sponji ya kiti pembeni yake ikabonyea polepole.