Sarafu Yenye Mwenyewe

Alama ya kidole gumba ilikataa kutoka.

Bwana Sabini aliitumbukiza sarafu kwenye asetoni, dawa yake ya kusafishia, akaitoa kwa kibano, akaikagua kwa lenzi. Doa liko palepale. Akarudia, likabaki. Lilikuwa jambo geni, maana kidole kile kilikuwa chake mwenyewe, na mchezo ule alikuwa ameucheza miaka kumi na mitano bila kuumbuka.

Kuna sarafu ambazo hazikutengenezwa za kununulia chumvi. Hugongwa mara mbili kwa muhuri uliosuguliwa, zikatoka na uso unaong'aa hadi mtu aweza kujinyolea ndevu kwazo. Wakusanyaji huzipa alama, na ya juu kabisa ni sabini. Sarafu ya sabini hununua nyumba. Ikiguswa na kidole kitupu, jasho hula ule mng'ao, na bei hushuka hadi ya baiskeli. Lakini doa bichi la kidole husafishika, na hilo wenye sarafu za urithi hawalijui. Basi Bwana Sabini akiletewa sarafu safi na mtu wa namna hiyo, hujigeuzia dirishani kana kwamba anatafuta mwanga, huibonyeza kwa gumba, kisha hurudi na uso wa msiba. "Pole sana. Ina doa, lakini nitaichukua."

Safari hii alikuwa mjane, anayedaiwa kodi ya chumba.

"Marehemu alisema isishikwe kwa mkono mtupu," alimwambia, akifungua leso. "Alisema ina mwenyewe."

"Mama, mkono mtupu haulambwi," alimtania, akageukia dirisha.

Alimpa noti tatu zilizofungwa kwa mpira mwekundu. Mjane alizipokea kwa mikono miwili, na akashukuru.

Kesho yake mchana, ndani ya kasha lake la chuma lililofungwa, kilisikika kitu kikidunda juu ya kioo. Ting. Kikanyamaza. Ting. Alipofungua, ikamjia harufu ya chuma kilichopashwa moto, na sarafu zote zilizokuwamo, za kila mwaka, kila moja ndani ya kifuko chake kisichopitisha hata pumzi, zilikuwa na alama ya gumba. Halikuwa gumba lake. Lilikuwa refu, limenyooka, halina hata mstari mmoja.

Jioni binti yake akarudi kutoka shule. Alikuwa na miaka tisa, mama yake alifariki akimzaa, na Bwana Sabini, mwizi yule, alimpenda mtoto huyo kupita kiasi. Shavuni alikuwa na doa la kijivu.

"Baba, kuna mtu kanishika," alinong'ona. "Kasema ananiangalia tu."

"Mtu gani?"

"Sijui. Alinigeuza kwenye mwanga."

Walisugua kwa sabuni hadi shavu likawa jekundu, doa likabaki. Siku ya pili likaja la shingoni, na mwalimu akaita majina ya darasa zima asimwite yeye. Siku ya tatu likaja la kipajini, na dada yake Bwana Sabini, shangazi aliyemlea mtoto tangu uchanga, akapakua chakula sahani mbili, akaketi, akaanza kula, na mtoto akabaki amesimama mlangoni na kijiko chake mkononi, akiwatazama, hathubutu kusema kwamba ana njaa, maana alikuwa ameshaanza kuamini kwamba chakula kile hakikumhusu.

Hapo Bwana Sabini akalia. Akamwita mganga.

Mganga alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno. Hakuchoma kitu wala hakuimba. Alimtazama mtoto, akaitazama sarafu ya mjane, akamvuta Bwana Sabini pembeni.

"Umemfundisha kazi jini mwenye sarafu hii," akasema kwa sauti ya chini. "Anamshusha mtoto bei. Siku atakapoona imeshuka vya kutosha, atamnunua."

"Nifanye nini, mama? Niambie, nitafanya."

"Irudishe. Sarafu hiihii, kwa mkono wako, kabla ya saa sita mchana kesho. Umwambie mjane thamani yake ya kweli na ulivyomtenda. Usipunguze neno."

"Nitafanya. Naapa."

Na kweli alikusudia. Lakini asubuhi, alipoitoa sarafu ili aondoke nayo, doa halikuwepo. Aliipeleka chini ya lenzi: si mkwaruzo, si vumbi, si ukungu. Sabini kamili, ya kwanza kuiona maishani mwake, na yeye ndiye aliyebeba jina hilo. Akaenda kumtazama mtoto; naye alikuwa safi, shavu, shingo na kipaji, amelala. Basi jini limekwenda zake, alijiambia, limeona nia. Kwenye droo alikuwa na nyingine ya mwaka uleule, ya alama sitini na mbili, na mjane yule angejuaje?

Alimpelekea hiyo.

Hakumwambia chochote ila kwamba moyo ulimsuta. Mjane alilia, akambariki yeye na uzao wake. Bwana Sabini akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Shangazi alikuwa anafagia ukumbi. "Mgeni wako ameondoka sasa hivi," akasema.

"Mgeni gani?"

"Yule mrefu, mwenye glavu. Kasema mmeshakubaliana." Akasita na ufagio wake, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. "Kaacha kitu mezani."

Mezani palikuwa na noti tatu, zimefungwa kwa mpira mwekundu.

Mtoto alikuwa kitini, wima, magoti pamoja, nguo zimenyooka. Ngozi yake haikuwa na doa hata moja, na iling'aa, iling'aa hadi Bwana Sabini, akimsogelea huku akimwita mwanangu, mwanangu, nitazame, alijiona mwenyewe kwenye shavu lake, mdogo, amepinda, mkono umenyooshwa mbele.

"Baba," mtoto akasema taratibu, bila kupepesa. "Usinishike kwa mkono mtupu. Nina mwenyewe."

Kutoka chumba chenye kasha ikasikika sauti moja tu. Ting.

Shangazi aliingia, akazitazama zile noti, akamtazama kaka yake aliyepiga magoti sakafuni mbele ya kiti.

"Unalia nini?" akamuuliza. "Si hakuna mtu hapo."