Barua ya Chuo Si Posa

Mimi naitwa Kibibi. Naishi Malindi, mtaa wa Shela, nyumba moja na kaka yangu Saad. Saad ni mpishi wa halua. Kila asubuhi huwasha moto uani, akaweka sufuria kubwa ya shaba, akakoroga kwa mwiko mrefu mpaka jasho limtoke. Halua ikiachwa kidogo tu hushika chini na kuungua. Kaka yangu hakuwa ameunguza halua hata siku moja tangu aanze kazi. Alijisifia jambo hilo mpaka tukachoka kulisikia.

Saad ana binti mmoja, Mahfudha. Mamake alifariki yeye akiwa mdogo, nikamlea mimi. Basi nikisema mtoto wangu, ujue namsema yeye. Alimaliza kidato cha sita akafaulu vizuri. Mwaka wa 1986, siku ya tatu baada ya Idi, akapata barua kutoka Ubelgiji, nchi ndogo ya Ulaya.

Alitusomea uani. Chuo kikuu kimoja kilikuwa kimempa nafasi ya kusoma miaka mitatu. Angesoma siasa za Ulaya, jinsi nchi zake zinavyoungana, na utamaduni wa watu wake. Chuo kingelipa gharama zote. Ndani mlikuwa na fomu ya kutiwa sahihi na mzazi. Jibu lilitakiwa lifike kabla ya mwisho wa mwezi wa sita.

Mahfudha alirukaruka kwa furaha. Saad aliikunja ile barua taratibu, akaitia ndani ya kasha.

"Nimesikia," alisema. "Tutawajibu."

"Lini, Baba?"

"Tuachie sisi wazee."

Hapo nieleze kidogo. Kwetu, watu wakimtaka binti yako huleta barua ya posa. Barua hiyo haijibiwi kwa pupa. Ami na wajomba huulizwa, siku hupita. Ukijibu upesi, watu watasema binti amekuchosha nyumbani. Basi Saad, masikini, aliona wale wa Ubelgiji nao wanamtaka binti yake. Akawaweka kama watu wa posa. Nami, nisijifiche, nilimwunga mkono. Nilisema wangoje, wajue mtoto ana kwao.

Siku zikapita. Mahfudha hakuuliza tena. Alidhani babake hataki, ila anaona haya kumwambia. Alipika, akafua, akafagia. Roho yangu iliniuma kumtazama.

Siku ya kumi na mbili akaja Mwalimu Jedida. Yeye ni mtu wa Rabai. Hufundisha watu wazima kusoma na kuandika hapa mtaani. Ndiye aliyeona tangazo la chuo kile gazetini, akamsaidia Mahfudha kuomba.

"Shikamoo, Bi Kibibi," alisema. "Shikamoo, Bwana Saad. Jibu mmeshapeleka?"

"Marahaba, Mwalimu. Bado," Saad alisema huku akikoroga. "Hatuna haraka. Wenye kutaka hungoja."

"Hawa hawangoji. Zimebaki siku sita. Zikipita, nafasi atapewa mwingine."

"Hawatatuma mtu kuja kutuuliza?"

"Hawatatuma. Kwao, ukinyamaza maana yake hutaki."

Mwiko ukapunguza mwendo. Nilimwona kaka yangu anatafuta pa kushika.

"Na haya masomo yenyewe?" aliuliza. "Mtoto aende akasome Uzungu ili iwe nini? Si atarudi Mzungu?"

"Wazungu walikuja kwetu Rabai zamani," alisema Jedida. "Walikaa nasi, wakajifunza lugha zetu, wakaziandika vitabuni. Je, waligeuka Warabai?"

Nilicheka. Saad alinitupia jicho, nikaziba mdomo.

"Nchi zile zilipigana vita viwili vikubwa," Jedida aliendelea. "Sasa kumi na mbili zimekaa pamoja. Zinapatana juu ya bei, juu ya mipaka, hata juu ya masharti ya kununua vitu vyetu. Sisi twaletewa majibu tu. Na jumuiya yetu sisi, ya Kenya, Uganda na Tanzania, iko wapi?"

"Ilivunjika," alisema Saad.

Sauti yake ilishuka, nami nilijua sababu. Dada yetu Shekha ameolewa Tanga. Jumuiya ilivunjika mwaka wa 1977, na mpaka ukafungwa. Mama yetu alifariki wakati mpaka ungali umefungwa. Shekha hakuja kumzika. Alipoweza kufika, miaka ilikuwa imepita, na sisi tulikuwa tumemaliza machozi. Yeye alilia peke yake.

"Hayo ndiyo atakayoyasoma Mahfudha," alisema Jedida polepole. "Nchi huunganaje. Na zikigombana, zifanyeje zisifungiane milango. Hutaki mmoja wetu ajue?"

Saad akauliza maswali ya mzazi. Nauli atalipa nani? Mtoto atalala wapi? Chuo chenyewe ni cha kweli? Jedida alimjibu moja moja. Nauli ingelipwa na chuo. Lilikuwako bweni la wasichana. Na chuo alikuwa ameshakiulizia kwa wizara ya elimu, wakamwandikia kuwa kinatambuliwa.

"Usikubali nafasi ya nje kabla ya kuuliza hivyo," alisema. "Lakini ukisharidhika, jibu siku hiyo hiyo."

"Barua itafika kwa siku sita?"

"Haitafika. Twende posta tupeleke telegramu. Hiyo hufika upesi. Fomu itafuata kwa barua ya rejesta."

Saad alinitia mwiko mkononi. "Koroga, usiiache," aliniambia. Akamwita Mahfudha.

"Safari hii waitaka?"

"Naitaka, Baba. Nilidhani wewe ndiye huitaki."

"Mimi nilikuwa nakulindia heshima, mwanangu. Nisamehe."

Mtoto akalia. Nami nikalia papo hapo, huku nakoroga.

Kule posta Saad alitia sahihi ile fomu, na Jedida akaandika telegramu kwa Kiingereza kwamba Mahfudha amekubali na fomu inakuja. Saad akamwambia, "Ongeza neno langu moja. Tumeridhia."

"Hawatalielewa, Bwana Saad."

"Watamwuliza mwenyewe akifika."

Mahfudha alisafiri. Barua yake ya kwanza ilisema mvua ya huko ni ya baridi, na darasani mna wanafunzi wa nchi tisa wanaobishana kutwa. Mwalimu wake mmoja alikuwa ameibandika telegramu yetu mlangoni. Alimwuliza neno lile la mwisho ni nini. Mahfudha alimjibu kuwa ni neno la baba anapompa binti yake kwa watu anaowaamini. Yule mwalimu akasema, "Mwandikie babako kwamba tutakutunza." Saad alitaka nimsomee barua ile mara tatu.

Mwaka uliofuata, jirani yetu Abdillahi alikuja na barua mkononi. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya kusoma chuo kikuu.

"Ilifika juzi," alisema. "Naona tungoje kidogo, tuwaulize wazee."

Saad alimwuliza maswali yale yale matatu. Abdillahi alikuwa na majibu yote. Basi Saad aliuacha mwiko ndani ya sufuria, akamshika mkono, wakaenda posta. Mimi nilikuwa sokoni. Halua iliungua yote, harufu ikafika mpaka msikitini.

Aliporudi aliitazama sufuria, akacheka.

"Kibibi," alisema, "halua nitapika nyingine kesho."