Begi Jepesi Mlimani

Jumamosi asubuhi Mbio alikuwa amepiga magoti akisugua sakafu ya jikoni, na mdogo wake akimfuata nyuma kwa tambara kavu. Jina la Mbio alipewa na majirani kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akitembea. Alitumwa dukani akakimbia, akasahau alichotumwa, akakimbia tena kurudi kuuliza. Mdogo wake aliitwa Maswali.

"Kwa nini sabuni inatoa povu?" aliuliza Maswali.

"Wewe futa," Mbio akamjibu.

Mama alikuwa akifunga vifungo vya sare yake ya uuguzi, tayari kwenda zahanati, mara mjomba wao akaingia. Mjomba alikuwa kinyozi, na Jumamosi kibanda chake hujaa wateja.

"Umeme umekatika," alisema. "Nimemwacha mteja amenyolewa nusu kichwa. Amevaa kofia akaondoka amenuna. Wanasema hautarudi mpaka jioni. Dada, nipe hawa watoto niwapandishe mlimani."

Mbio akainuka na brashi mkononi. Mlima ule aliuona kila siku kupitia dirisha la darasa lao, lakini hakuwahi kuukanyaga.

"Unaijua njia?" Mama aliuliza.

"Nilipanda mara nyingi nilipokuwa mdogo. Miguu yenyewe inaikumbuka."

Mama aliwaruhusu, kwa sharti warudi alasiri. Kabla ya kuondoka alijaza begi la shule la Mbio: chupa mbili kubwa za maji, masweta, tochi, mkate na chupa ndogo ya juisi. "Begi hili ni jukumu lako," alimwambia.

Mama alipotoka tu, Mbio alilijaribu begi. Lilimvuta mabega nyuma. Alikuwa amekwisha kumtambia Maswali kwamba atatangulia kileleni, na kwa mzigo ule hata konokono angempita. Isitoshe jua liliwaka. Nani angevaa sweta? Akatoa maji, masweta na tochi, akavitupa kitandani na kuvifunika kwa shuka. Akabaki na mkate na juisi.

"Begi la mama yenu lipo?" Mjomba aliita kutoka nje.

"Lipo," Mbio alijibu. Na kweli begi lilikuwa mgongoni. Alijiambia kwamba huo si uongo.

Walipita kwenye mashamba, wakavuka kijito kwa kurukaruka juu ya mawe, wakaingia msituni. Nyani walibweka juu ya miti na Maswali akawabwekea. Mbio alitangulia, moyo ukimdunda kwa furaha, akishika mizizi na kujivuta juu. Alifika kileleni wa kwanza, akasimama juu ya mwamba, upepo ukimpeperusha gauni. Mji wote ulikuwa chini yake. Nyumba zilionekana kama viberiti.

"Ile ni zahanati ya Mama," alisema Maswali. "Tukipunga mkono atatuona?"

Walipunga mikono mpaka ikachoka. Kisha wakala mkate na kumaliza juisi.

"Tunaweza kurudi kwa njia tuliyojia," alisema Mjomba, macho yakimng'aa. "Lakini ipo nyingine inayopita kwenye maporomoko ya maji. Ni ndefu kidogo. Maji ya kunywa bado yapo begini?"

Mbio alihisi joto usoni. Akisema kweli, hawatayaona maporomoko.

"Bado yapo," alisema.

Basi wakashika njia ndefu. Mwanzo ilikuwa pana, baadaye ikawa nyembamba, mwishowe ikapotea kabisa kwenye vichaka. Mjomba alijaribu kushoto, akarudi, akajaribu kulia. Ukungu ukashuka, ukafunika miti. Jasho lililowalowesha likawa baridi migongoni. Simu ya Mjomba ilikuwa imezimika, maana tangu asubuhi hapakuwa na umeme wa kuichaji.

Mbele yao kulikuwa na korongo lenye majani marefu, na kutoka chini ulisikika mvumo wa maji.

"Maporomoko hayo," alisema Mjomba. "Tukishuka hapa tutatokea bondeni. Mbio, toa masweta. Mpe mdogo wako maji, kisha tushuke."

Maswali alikuwa akitetemeka, midomo imemkauka. Hakuuliza kitu chochote, na hilo ndilo lililomtisha Mbio kuliko ukungu.

"Mjomba, hamna maji," alisema. "Wala masweta, wala tochi. Niliviacha nyumbani kwa sababu vilikuwa vizito. Nilikudanganya."

Mjomba alilichukua begi, akalifungua, akaliona tupu. Kisha akavua shati lake, akamvika Maswali, akabaki na fulana.

"Umefanya vizuri kusema," alisema hatimaye. "Bila maji na bila taa hatushuki mahali tusipopajua. Turudi kwenye ule uwazi wenye mawe tulioupita, tukae pamoja, tupige kelele."

Walikaa wamebanana, Maswali katikati. Waliimba nyimbo zote za shule, wakapiga makofi, wakapokezana kuita. Mbio aliita mpaka sauti ikawa kama ya chura, na Maswali akacheka kidogo.

Ukungu ulianza kupungua, na jua lilikuwa limeinama. Ndipo sauti ya mwanamke ikawajibu kutoka juu: "Kaeni hapohapo, nakuja." Alikuwa askari wa msitu, na nyuma yake vijana wawili wenye maji na mablanketi. Mama alikuwa amerudi kutoka kazini, akawakosa, akaviona vitu vya begi kitandani chini ya shuka, akakimbia moja kwa moja hadi ofisi ya msitu.

Maswali alikunywa, akapumua, akauliza, "Maporomoko yako wapi?"

"Chini ya korongo lile," alijibu askari. "Mwamba unakatika ghafla, na majani yanauficha. Mlitaka kwenda huko?"

Mjomba na Mbio walitazamana.

Mama aliwangoja mwanzo wa njia. Aliwakumbatia watoto wote wawili kwa nguvu, akamsikiliza Mjomba akieleza yote yaliyotokea, halafu akaanza kuwagombeza.

"Kaka, uliingia mlimani bila kufungua begi, na bila kumwambia mtu mtapita wapi. Mtu mzima hukagua kwa macho yake."

"Kosa langu, Dada," alisema Mjomba.

Mama akamgeukia Mbio. "Na wewe. Mjomba wako alichagua njia kwa kuamini neno lako. Ukimdanganya mtu anayekuongoza, unampoteza yeye na wote wanaomfuata. Ulikosea mara mbili. Lakini mara ya tatu ulisema kweli ilipokuwa ngumu kusema, na ndiyo maana nimewakumbatia hapa nyote wawili. Kuanzia sasa sema kweli mapema, tukiwa bado mlangoni."

"Nimesikia, Mama," alisema Mbio kwa sauti yake ya chura. Akamshika mdogo wake mkono, nao wakaenda nyumbani taratibu, wakitembea.